Bourse ya Masika na Canapé ya Jirani

Mie siku hizi nikipita ku avenue yetu hapa Butembo, batoto banacheka, bamama benye kuuza majani ya sombe banageuza uso ili nisibaone meno, na kuko fundi mumoja wa pikipiki mwenye ananiita "Papa Canapé" mbele ya bakilia bangu benye kuja kununua, bila haya yoyote. Bon. Ile haya niliikula yote siku moja, sahani muzima, sasa hata mie mwenyewe nachekaka, na ndiyo maana naandika, juu naona kila mutu anaelezea ile mambo vile anataka, kuko hata benye banasema eti muzungu alinifukuza mu nyumba yangu, uongo mutupu. Mwenye aliharibu ni mie, na niliharibu peke yangu, hakuna mutu alinisaidia.

Mbele ya yote, munijue. Mie ni Kambale, baba ya Masika. Nilizaliwa kule Masereka, ku milima, kwenye baridi ya asubui inauma masikio, na masomo niliachia mu darasa ya ine (mwalimu alisema niko na kichwa nguvu, ile kichwa nguvu ndiyo ilibeba mafuko ya biazi mpaka Butembo, yeye alibakia na chaki yake). Leo niko na boutique karibu na soko: misumari, makufuli, rangi, waya. Nilijijenga mie mwenyewe. Ile neno ya kujijenga mie mwenyewe naisemaka sana, muke yangu anasema naisemaka hata mu usingizi, mais nitafanya je, ni kweli.

Masika ni binti yangu wa kwanza, na akili yake sijui alitoa wapi (mama yake anajua, anasema alitoa kwake). Alisoma agronomie hapa hapa Butembo, anataka kujua ile ugonjwa yenye inaozesha biazi ya bandugu zetu kule Lubero. Sasa kuko mapatano kati ya université yabo na ingine ya Belgique kule Ulaya: banafunzi ba kule banakuja kuona mashamba yetu, na ba hapa kidogo banaenda kule kusoma, banalipiwa kila kitu, ndege, chakula, kitanda, ile malipo ndiyo banaita bourse. Batoto bengi balitaka. Masika akashuka Beni kufanya examen, akapita, akabakia kule kwa shangazi yake kungojea, na siku moja akanipigia simu.

"Papa, imebakia kitu moja tu. Commission yenye kuchagua banafunzi itakuja ku nyumba siku ya posho, jumamosi hii. Ni batu babili, nitapanda nabo mu motokari."

"Banakuja kufanya nini?"

"Kuona famille. Papa, tafazali, usifanye kitu. Mukae tu vile tunakaaka. Juu ile bourse iko ya—"

"Masika," nikamukata, "mambo ya kupokea batu ni mambo ya biashara. Hapo niachie mie."

"Papa, sikiliza kwanza."

"Batri ya simu yangu inaisha," nikasema (haikukuwa inaisha), nikakata simu.

Sasa mutu mwenye haiko wa biashara hawezi kuelewa kichwa yangu ile siku, donc nielezee. Hapa kwetu, kama unataka muchuuzi mukubwa akupatie bintu mbele ulipe, hakupatie tu vile. Anakuja kwanza. Anakunywa chai kwako, anaangalia boutique, anaangalia viatu yako, anaangalia hata mulango kama iko na rangi. Akiona étagère, ile rafu ya bintu, imejaa, anasema, huyu ni mutu, anakupatia. Akiona étagère tupu, anasifu chai yako na anaenda, haumuone tena. Mie nilipandaka hivyo: siku ya kwanza muchuuzi alikuja, nilijaza étagère na makartoni yenye hakukuwa kitu ndani, akapita anaangalia, akafurahi. Basi nikawaza: commission ni bachuuzi ba masomo. Banataka kujua mutoto banapeleka kule anatoka kwa mutu, haiko kwa mutu bure. Tukibakalisha ku biti byetu bya mbao, batasifu chai.

Nikamwambia muke yangu, "Mama Masika, tutaazima canapé."

"Biti byetu biko na kosa gani?"

"Kosa yabyo ni kufanana na siye."

Akarudia kuchambua maharagi yake. Muke akichambua hivyo ni kama ametabiri.

Ngambo ya avenue, mbele yetu kabisa, anakaa Mama Kavugho, mujane, anauzaka bitenge, na eko na canapé za ngozi, rangi ya kahawa, zenye ukikaa zinakumeza mpaka ku mabega. Nikaenda kwake.

"Baba Masika, canapé zangu za nini? Unaoa tena?"

"Ni ya bourse ya mutoto."

"Ah, kama ni ya Masika, chukua. Mais usikilize muzuri: siku ile ile bakwe bangu banaleta mbuzi ya mahari ya binti yangu. Saa nane canapé zikuwe zimerudi kwangu. Saa nane! Nisije nikakalisha bakwe ku bidon ya maji."

Commission ilipashwa kufika saa ine ya asubui. Nikahesabu mu kichwa, nikaona kuko nafasi mingi sana, hata ya kulala kidogo. Na kwa vile nafasi ilikuwa mingi, nikaenda tena kwa Mbusa, kijana mwenye chumba ya kuonyesha mupira, akaniazima télévision yake kubwa, mais irudi mbele ya match. Halafu nikaenda kwa rafiki yangu Paluku, akaniazima jeep yake isimame tu mu kiwanja, hata ufunguo hakunipatia (ananijua). Canapé peke yake ingekuwa kosa ndogo. Mais ukishaweka canapé ya ngozi, ukuta unauliza, na télé iko wapi, na télé ikiwekwa, kiwanja inauliza, na motokari?

Biti byetu tukabificha mu kikoni, tukabipanga juu ya kuni, kuku ikapanda juu.

Siku ya posho ikafika. Nikavaa koti. Saa ine, hakuna. Saa tano, hakuna. Masika akapiga simu: kamio ya mizigo imelala mu matope katikati ya barabara ya Beni, motokari zote zimesimama nyuma yake, batu banachimba na majembe. Saa sita. Saa saba. Mie niko nakaa ku canapé, jasho inashuka ndani ya koti, naangalia nyumba ya Mama Kavugho, namuona anafagia kiwanja, anatandika nappe ku meza, anaangalia kwangu. Namupungia mukono. Yeye ananionyesha saa yake.

Bageni balifika saa nane imekwisha kupita.

Balikuwa Professeur mumoja, Mukongomani mwenzetu, mwembamba, sauti ya polepole kama ya padri, na Madame Claire, Mubeleji, mwenye alikaaka myaka mingi ku Bukavu na anasema Kiswahili kupita batoto bangu. Nyuma yabo Masika. Masika alivuka mulango, akaona canapé. Akaona télé. Akageuka akaona jeep. Uso yake ikaanguka. Kwetu mutoto hawezi kumusahihisha baba yake mbele ya bageni, na mie nilijua hivyo, na nilitumia ile nafasi vibaya.

"Karibuni, karibuni kwa Kambale! Kaeni, hiyo ni ngozi ya kweli. Muzame tu, musiogope!"

Madame Claire akazama. Professeur akakaa pembeni kabisa, kama mutu anaogopa kulipishwa, akatoa bic ya kuandika.

"Papa Kambale, kazi yako ni gani?"

"Biashara. Ya kila namna. Nilijijenga mie mwenyewe." Na hapo mulomo ikafunguka. Nikataja bintu yenye nauzaka na bintu yenye sijauzaka. Nikasema jeep ni ya kwenda nayo ku mashamba. Na kwa dirisha kulikuwa kunaonekana nyumba ya étage, ghorofa ya tajiri moja mwenye hata salamu yangu hajibuake, nikainyoosha kidole, nikasema, "Na kule pia, tunaendelea kujenga." Mama Masika alikuwa analeta chai, akanikanyaga muguu, na haikuwa kukanyaga ya bahati mbaya.

Hapo Mbusa akaingia, anahema.

"Patron, samahani, match inaanza, batu bamejaa, banavunja mulango yangu. Télé—"

"Ah, télé! Chukua, kijana, chukua!" Nikageukia Madame. "Ninabaachiaka télé yangu ili bijana baone mupira. Mie napenda bijana."

Mbusa akaniangalia, akaangalia muzungu, akaelewa. "Wasingya, patron," akashukuru na kichwa chini, akabeba télé yake kama mutu amepewa zawadi. Muungwana kweli. Yeye hajafika hata mbali, chauffeur wa Paluku akatokea ku mulango na ufunguo mu mukono, nikamuwahi, "Enda, enda, peleka ile motokari kwenye nilikuambia!" Akasema "Ndiyo, patron," anajiuma mulomo asicheke, jeep ikatoka.

"Papa, unasaidia batu bengi sana," Madame Claire akasema.

"Ni tabia yangu, madame."

Masika alikuwa anaangalia mikono yake.

Professeur akaweka bic chini. Akavua lunettes za macho, akazipangusa, akazivaa tena, na vile alianza kusema nikasikia baridi ya Masereka inanipanda mu mugongo.

"Papa Kambale, nauliza na heshima. Hii bourse ni ya batoto benye famille yabo haiwezi kabisa kubasomesha kule. Ndiyo sababu tunatembelea manyumba. Binti yako alituambia kule Beni kama baba yake eko na boutique ndogo ya kupanga, na kwao banakalia biti bya mbao. Mie sasa nimekalia ngozi. Kuko mutu anadanganya. Na mwanafunzi mwenye anadanganya commission, tunamutosha, na nafasi yake tunaipatia mwingine. Sasa niandike nini?"

 Mie, Kambale, mwenye nilishauza rangi ya kijani kwa mutu mwenye alikuja kutafuta nyekundu, nikajaribu kuuza hata pale. Nikasema, "Biashara, unajua, siku hizi, barabara..." Ikaishia hapo. Kichwani kulikuwa kunapigana batu babili: moja anasema, sema ukweli, mwingine anasema, ukisema, kesho utapita wapi mu hii mji?

Basi Mama Kavugho akaingia. Alikuwa amevaa kitenge ya sikukuu, na nyuma yake babebaji babili. Nikafunga macho, nikasema mu roho, asante Mungu, huyu atasema mwenyewe, mie sitasema kitu. Mais jirani muzuri anaweza kukuua. Aliona muzungu, aliona Professeur, aliona uso yangu, na akanihurumia.

"Hodi, Baba Masika," akasema na sauti ya asali. "Nilikuwa nakuja tu kukuomba, kama itawezekana, uniazime zile canapé zako. Niko na bageni."

Zile canapé zako! Jina yangu ilikuwa imeokolewa kabisa, nilipashwa tu kusema "chukua, jirani," na hakuna mutu angejua mpaka leo. Professeur akashika tena bic. Nikamuangalia Masika. Hakuniangalia. Alikuwa anakunja kidole moja, anakunjua, anakunja, vile alifanyaka akiwa mudogo na homa, na hakuwa analia, ndiyo ilinimaliza. Angelia, labda ningenyamaza.

Nikasimama. (Kusimama kutoka ile canapé haiko jambo ndogo, nilisimama mara ya kwanza nikazama tena, mara ya pili ikakubali.)

"Canapé haiko yangu," nikasema.

"Baba Masika, uko na homa?" Mama Kavugho akauliza, anaendelea kunisaidia.

"Sina homa. Canapé ni yako. Télé ni ya Mbusa. Jeep ni ya Paluku, hata ufunguo alininyima. Boutique ni ya kupanga, na ni ndogo, batu babili bakiingia mumoja anatoka kwanza. Ile étage ni ya mutu mwingine kabisa. Koti ndiyo yangu. Mutoto hakudanganya hata neno moja, Professeur. Mwenye kudanganya ni mie. Biti byetu biko mu kikoni, kuku imekalia."

 Halafu Madame Claire akauliza polepole, "Papa, lakini kwa nini?"

Nikaanza kumuelezea mambo ya bachuuzi na étagère, mais sikumaliza, juu Mama Kavugho, mwenye alikuwa ku mulango, akapiga kelele kama nyumba inaungua: "Bakwe bangu! Bakwe bangu banapanda!" Kweli, chini ya avenue kulikuwa kunapanda bazee ba suti, bamama ba bitenge, na mbuzi ku kamba, na kwake hakukuwa hata kiti. Babebaji babili, canapé tatu. Akatuangalia siye bote na macho ya mama mwenye binti yake anaharibikiwa.

Professeur akavua lunettes, akaziweka mu mufuko, akashika pembe ya canapé. Mie nikashika ingine. Madame Claire na Masika bakashika nyuma. Na hivyo ndivyo tulitoka mu avenue, Kambale mwenye koti, Professeur wa université, Mubeleji na binti yangu, tunavuka na canapé ya ngozi mchana kweupe, na batu bote ba mitaa bamesimama.

"Patron, unahama?"

"Muzungu amemunyang'anya bintu!"

"Papa, inamisha, utaanguka!"

Katikati ya avenue mikono ikakataa, tukaiweka chini kupumua, na hapo hapo bakwe bakafika. Muzee wabo akamuona Madame Claire amekunja mikono ya shati, jasho inamutoka, anapumua juu ya canapé ya bibi arusi, akatoa kofia, akainama kabisa, halafu akageukia bandugu zake, nikamusikia kwa masikio yangu: "Hakuna mutu alituambia kama bako na muzungu mu famille. Hizi mbuzi zitatosha kweli?" Na mbuzi moja, kabla hatujajua kitu, ikaruka juu ya canapé, ikasimama katikati, ikaanza kuangalia batu kama juge wa kuhukumu kesi. Mu avenue hakukubakia mutu mwenye hakucheka. Simu zilikuwa juu zinapiga picha. Hata Masika, nikamusikia anacheka, na ile kicheko nikaona afazali.

Tulifikisha zile canapé tatu kwa Mama Kavugho, tukarudi ku nyumba. Tukafukuza kuku, tukatosha biti. Professeur akakaa ku kiti yetu ya mbao, ikalia kidogo, akauliza maulizo yote tena toka mwanzo, na mie nikajibu fupi fupi, jambo yenye sijafanyaka toka nizaliwe. Mwisho nikamaliza kuelezea ile mambo ya bachuuzi, vile mutu anajionyesha ndipo apewe. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Papa Kambale, siye hatukopeshi. Tunapatia mutu mwenye hana. Ungetupokea hivi hivi, tungekuwa tumekwisha kurudi Beni."

"Na mutoto?" nikauliza. "Atateseka juu yangu?"

"Hiyo tutaongea kule," akasema, na hakucheka tena.

Bakaenda. Kukafuata kungojea yenye sitaki kwa mutu yoyote. Masika hakunikalipia hata neno, alikuwa ananisalimia muzuri, ananiletea chakula, na kila sahani ilikuwa inanipiga. Muke yangu yeye alinikalipia ya batu babili. Ku boutique bakilia balikuwa banaingia kuuliza misumari na banatoka bila kununua, balikuja tu kuniona.

Siku yenye simu ililia, nilikuwa napimia mutu waya. Nikasikia Masika anapumua tu, anapumua, halafu, "Papa, balinitwaa ku bourse."

Siku za zamani ningepanda juu ya meza na kuita soko yote. Ile siku nilimwambia mukilia, "Ngojea kidogo," nikaingia nyuma ya mapipa ya rangi, nikacheza peke yangu bila muziki, nikapangusa uso, nikarudi nikamukatia waya yake (muke yangu anasema nilimukatia murefu kupita yenye alilipa, inawezekana).

Leo Masika eko kule Belgique, ananitumia picha za biazi mu machupa ya laboratoire. Na mie nimeapa mbele ya Mama Masika na mbele ya Mama Kavugho: sitaazima tena hata kijiko ili kumuonyesha mugeni. Kujisifu, sitadanganya, sitaacha, ni vile niko, ukinitosha hiyo habaki mutu. Mais nitajisifu na kitu yenye iko yangu. Kwa hiyo ukipita ku boutique, kaa kidogo ku kiti ya mbao, nikuonyeshe picha ya Masika. Yule sikumuazima kwa mutu.